Lugha ya Kazi

Union Minière iliundwa mwaka 1906 kwa kuchimba shaba ya Katanga. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rwanda, Rodezia ya Kaskazini, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili kikawa lugha ya kazi.

Basi, namna gani kumfundisha mgeni kiwandani? Sarufi ingoje. Tuanze na maneno yenye kulinda mwili: simama, toka hapo, zima mashini, iko moto. Halafu majina ya vyombo, akivishika mkononi. Tena afundishwe kusema: “Sijasikia, rudilia.” Neno hili tunaliona kubwa kupita yote, maana mtu akiogopa shefu anajibu “ndiyo” bure, na vidole vinabaki ndani ya mashini. Mwalimu asiulize: “Umesikia?” Aseme: “Nionyeshe namna utafanya.” Shefu naye asiseme mbio-mbio.