Nats 2019: Mwanzo Ilikuwa Ngori

Kila mwaka Aprili ikifika, wasee wanaocheki besiboli huku Washington na mitaa ya Maryland huanza kubonga ni kama wameshaona msimu mzima. Timu ikishinda gemu tano mfululizo, parade ishapangwa. Ikichapwa tano, kocha afutwe, wachezaji wauzwe, kila kitu ianze upya. Mimi nikiskia hizo stori, akili inaenda 2019 moja kwa moja. Mwaka huo Washington Nationals, yaani Nats, walianza msimu wakiwa wameoza. Gemu 50 za kwanza walishinda 19, wakapoteza 31. Na hadi leo hakuna msimu wa timu yoyote, ya mchezo wowote, nimewahi kuupenda kama huo.

Wacha niwaweke rada, wale mmezoea Premier League. Huko ni mechi 38. Ukichapwa Jumamosi unakaa wiki nzima ukichomwa kwa group, kwa mat, hadi na mathe wa mboga. Besiboli ni gemu 162, kutoka mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Timu noma kabisa hupoteza kama 60 na bado inaitwa noma. Kwa hivyo kupigwa ni sehemu ya maisha. Unalala, unaamka, unaenda job, jioni kuna ingine. Na wale mlicheza rounders primo mnajua form yenyewe: unagonga mpira, unakimbia beisi, unarudi nyumbani salama. Hizo zingine utazishika ukikaa na sisi.

Hiyo 2019 tuliingia msimu na machungu. Bryce Harper, chali ambaye sura yake ndio ilikuwa sura ya timu, alikuwa ameishia Philadelphia wiki chache kabla, kandarasi ya miaka 13, dola milioni 330. Na hakuenda mbali. Phillies ni majirani, tuko divisheni moja, mtu ulikuwa unakutana naye mara 19 kwa msimu. Tarehe 2 Aprili akakam Nationals Park na jezi yao. Uwanja mzima ulimzomea. Mrushaji wetu Max Scherzer akamtoa kwa straiki mara mbili, watu wakaruka kama tumeshinda kombe. Halafu Harper akapata dabo, yaani akagonga akafika beisi ya pili, na inningi ya 8 kati ya 9 akatuma homurani mbali sana, akarusha bati juu, akazunguka beisi bila haraka. Phillies 8, sisi 2. Usiku huo huo Trea Turner, mwenye mbio kuliko wote, alikuwa anajaribu kubanti, yaani kugusa mpira pole na bati, mpira ukampata kidole, kikavunjika. Akakaa nje hadi katikati ya Mei. Anthony Rendon, Ryan Zimmerman na Juan Soto nao, kufika wiki ya kwanza ya Mei wote walikuwa wamepitia listi ya majeruhi.

Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa bulpeni. Hao ni warushaji wa akiba, wale wanaingia mrushaji wa kwanza akichoka, kama inningi ya 6 ama ya 7, kazi yao ni kufunga gemu tuende nyumbani. Yetu ilikuwa inafungua. Trevor Rosenthal, mtu alikuwa moto sana kitambo akiwa St. Louis, alikuwa anarudi baada ya operesheni ya kiwiko. Mara nne za kwanza kuingia hakumtoa mpigaji hata mmoja. Hata mmoja, wasee! Kuna hesabu inaitwa ERA, unagawanya mikimbio umeachilia na idadi ya inningi umerusha, halafu unazidisha mara 9. Yeye hakuwa na chochote cha kugawanyia, hesabu ikawa infiniti. Iliniuma kumwona, juu mkono ulikuwa bado na spidi, mpira ndio ulikuwa haujui pa kwenda. Tarehe 2 Mei timu ikamfuta Derek Lilliquist, kocha wa warushaji, ikamweka Paul Menhart.

Sasa hapa ndipo mimi na mbogi yangu ya Silver Spring tulikuwa tunakosania kila jioni. Wao walikuwa wanasoma jedwali. Mimi nilikuwa nawaambia wacheki gemu zenyewe. Siku ya kwanza ya msimu, 28 Machi, Scherzer aliwatoa wapigaji 12 wa New York Mets kwa straiki na bado tukapoteza 2-0, juu Jacob deGrom wa Mets naye alidinda kuachilia kitu. Hiyo utaitaje timu mbovu? Tulikuwa na Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin, huyo Corbin akiwa ameletwa na dola milioni 140. Soto alikuwa na miaka 20 na alikuwa anasimama mbele ya warushaji wakali bila kugwaya, akijua mpira gani wa kuacha na gani wa kuadhibu. Timu imekufa huchapwa kutoka inningi ya kwanza. Sisi tulikuwa tunachapwa ya 8. Ni mat iko na injini fiti na dere mnoma, lakini breki zinaisha ikikaribia stage.

Na si ati kila mwanzo mbaya umeficha dhahabu. Baltimore Orioles, hapo tu juu ya barabara, walianza 1988 wakapoteza gemu 21 mfululizo kabla washinde moja. Hiyo haikuwa shimo moja ya kuziba. Walimaliza msimu wakiwa wamepoteza 107. Fani anayependa timu yake lazima ajue kutofautisha hizo mbili, na haiwezekani kujua bila kukaa chini ucheki inningi zote 9.

Ndio maana tuliendelea kwenda. Mei huku ni tamu, baridi imeishia na joto la Julai halijafika. Unashukia Navy Yard kwa treni ya laini ya kijani, watu wote wamepiga luku nyekundu, kepi za W iliyojikunja, njumu safi. Viti vya juu tiketi ilikuwa rahisi juu timu ilikuwa inachapwa, na wengi wetu tulikuwa tumetoka kwa shifti, wengine wanaenda ya usiku. Unabuy half-smoke ya Ben's Chili Bowl, ile soseji imemwagiwa chili, unaketi. Inningi ya 4 kuna mbio za marais: watu wamevaa vichwa vikubwa vya Washington, Jefferson, Lincoln na Roosevelt, wanakimbizana uwanjani. Teddy Roosevelt alianza kupoteza hizo mbio 2006 na hakushinda hata moja hadi Oktoba 2012. Miaka yote hiyo uwanja ulikuwa unamshangilia yeye kuliko washindi. Ukinielewa hapo, umeelewa watu wa Nats. Hii ni timu ilihama Montreal ikafika hapa 2005, na tangu ifike hapa mpaka 2019 ilikuwa haijawahi kushinda hata siriz moja ya mchujo.

Halafu tukaenda New York, gemu nne na Mets, tarehe 20 hadi 23 Mei. Tukapoteza zote nne. Ya tatu ndio bado naiona. Rajai Davis, mzee wa miaka 38, alikuwa na timu ndogo ya Mets huko Pennsylvania akaambiwa anahitajika mjini. Akaingia Uber, ikamgharimu dola 243, akafika Citi Field, uwanja wa Mets, gemu ishaanza. Wakamwingiza kupiga inningi ya 8, na Sean Doolittle, mrushaji pekee wa bulpeni tulikuwa tunaamini kabisa, akapigwa homurani ya mikimbio mitatu na mtu ametoka tu kwa ndai. Kesho yake tukaongoza 4-3, kocha Dave Martinez akamjamia refa akatolewa nje, na inningi ya 8 tena Carlos Gómez akatupiga homurani ya mitatu. 6-4. Hapo ndio 19 na 31 ilizaliwa.

Hiyo wiki kila mtu alitaka kichwa cha Martinez. Redioni, kwa treni, kwa simu. Mike Rizzo, bosi wa mambo ya timu, hakumfuta. Martinez naye alikuwa na msemo mmoja kwa wachezaji: kila siku tafuta kuwa moja kwa sifuri. Yaani gemu ya leo tu, hiyo ingine bado haijafika. Watu waliona ni maneno ya kujipa moyo. Mimi niliona ndio njia pekee ya kucheza gemu 162 bila kuwa wazimu.

Yaliyofuata yanajulikana. Kutoka hapo walishinda 74 na kupoteza 38, wakamaliza na 93. Gerardo Parra, aliyeachwa na San Francisco mapema Mei akaja kwetu, akachagua wimbo wa Baby Shark upigwe akiingia kupiga, juu mtoi wake mdogo alikuwa anaupenda, na uwanja mzima wa watu wazima ukaanza kupiga makofi ya papa. Juni Scherzer alijigonga na mpira akifanya mazoezi ya kubanti, pua ikavunjika, na kesho yake akarusha inningi 7 jicho likiwa jeusi bila kuachilia mkimbio. Tarehe 30 Oktoba wakawapiga Houston gemu ya 7 ya fainali, huko huko Houston, na Washington ikapata kombe la kwanza la besiboli tangu 1924. Kombe ninaliheshimu. Lakini kombe kila mtu alikuwepo, kila mtu alikuwa na kepi mpya. Mei tulikuwa wachache na tulikuwa tunajuana kwa sura.

Kwa hivyo msee akiniuliza Aprili kama timu yake imeisha, simjibu na jedwali. Namuuliza: warushaji wenu wa kwanza wanafika inningi ya 6? Wapigaji wanafukuza mipira mibaya ama wanangoja? Mnachapwa na nani, saa ngapi ya gemu? Majeruhi wanarudi lini? Na wachezaji wakiwa nyuma kwa mikimbio mitano, bado wanakimbia hadi beisi ya kwanza ama wanatembea? Hiyo ya mwisho Nats wa 2019 hawakuniangusha hata siku moja, hata huko New York.

Na kama mnataka gemu moja tu ya kucheki kutoka huo mwaka, msianze na ya Houston. Tafuteni ya Ijumaa 24 Mei, usiku mmoja baada ya New York, tumerudi nyumbani kucheza na Miami Marlins, timu ambayo ingemaliza msimu ikiwa imepoteza 105. Hata hao walitufunga mikimbio 10. Kumi, na Marlins! Warushaji wetu walikuwa wale wale, shimo lilikuwa lile lile, na hakuna mtu karibu na mimi aliketi inningi mbili za mwisho. Lakini hiyo usiku bati zetu zilidinda kusare, zikaleta 12. 12-10, mvua ya kelele, watu hawajuani wanakumbatiana juu ya gemu ya Mei na timu ya mkia. Kwa jedwali ilisomeka 20 na 31, na sisi tuliimba hadi Navy Yard.