Homoni si kichocheo tu: istilahi za moyo uliodhoofu

Neno homoni (ngeli ya I-/ZI-: homoni hii, homoni hizi) lilianzishwa mwaka 1905 na mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutia mwendo. Kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi hulifasiri kuwa *kichocheo*. Maradhi ya moyo yanaonyesha kwa nini fasiri hiyo haitoshi.

Maelezo

Katika mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha msuli wa moyo huziba na sehemu ya msuli hufa. Moyo unaosalia huwa na nguvu pungufu ya kusukuma damu, na mwili huitikia kana kwamba damu imepotea. Adrenalini na noradrenalini huharakisha mapigo. Figo hutoa renini, inayoanzisha utengenezaji wa angiotensini, ambayo hubana mishipa na kuamsha aldosteroni, inayozuia chumvi na maji visitoke kwa mkojo. Zote hizi huchochea. Zinapodumu, hata hivyo, moyo mchovu huongezewa mzigo: miguu huvimba, pumzi hubana.

Moyo nao, kuta zake zinapotanuka, hutoa homoni zinazolegeza mishipa na kuhimiza figo kutoa chumvi na maji. Hizo hutuliza. Kuziita vichocheo ni kumpotosha msomaji.

Matumizi

- *Mshtuko wa moyo* ni ugonjwa. *Kushtuka* ni kupatwa na hofu ya ghafla. Usifupishe kwa kusema "alipata mshtuko".
- *Moyo kushindwa kufanya kazi* huweza kueleweka kuwa moyo umesimama. Bora: *moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha*.
- *Kufa moyo* ni kukata tamaa. Andika: *sehemu ya msuli wa moyo imekufa*.

Mfano

Mkulima wa miwa wa Ruhembe, wilayani Kilosa, akiambiwa kwamba moyo wake "umeshindwa kazi", anaweza kuona dawa haina maana tena. Enalaprili hupunguza utengenezaji wa angiotensini. Spironolaktoni hukinza aldosteroni. Kipeperushi chake kiseme: "Moyo wako unafanya kazi, ila kwa nguvu pungufu. Dawa hii huzuia homoni zinazouchosha. Usiiache kwa kuwa umepata nafuu."