Je, Wajua? Waya wa klachi nao hutaka oili

Waya wa klachi wa bodaboda ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, zinazoteleza ndani ya ganda. Mvumbuzi Ernest Monnington Bowden aliupatia waya wa aina hii hataza Uingereza mwaka 1896. Leo dereva anayeshuka kutoka Mbinga, kwenye kahawa ya Wamatengo, hadi Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hubana klachi kona baada ya kona. Vumbi la kiangazi na maji ya masika hupenya gandani. Klachi inakuwa nzito, kisha nyuzi zinaanza kukatika, mara nyingi pale juu kwenye mkono wa klachi.

Kuzuia hayo, chomoa waya juu, vika mdomo wa ganda kipande cha tyubu chakavu ya baiskeli, mimina humo oili nyepesi na safi, uuchezeshe waya mpaka oili itone chini. (Kama ganda lina nailoni ndani, fuata kitabu cha pikipiki.) Grisi hunasa vumbi. Oili chafu ya injini ni mbaya zaidi, ina chembe za chuma.

Waya wa mafuta nao ni wa aina hiyo hiyo: ukikwama, injini huendelea kuvuma hata ukiachia mkono. Kwenye waya wowote kati ya hizi, ukiona uzi hata mmoja umekatika, usihangaike na oili: nunua waya mpya.