Kilimanjaro Iliyotoka Manchester

Je, wajua kwamba Kilimanjaro, Meru, Rungwe, Hanang na Elgon zilitengenezwa Manchester, Uingereza, zikaletwa Mombasa kwa meli? Hayo yalikuwa majina ya injini za mvuke. Zilikuwa 34, zikiitwa kundi la 59, na kila moja ilibeba ubavuni kibao chenye jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kampuni ya Beyer, Peacock iliziunda katika karakana zake za Gorton mwaka 1955 na 1956, kwa agizo la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizowahi kuzifikia kwa nguvu, popote duniani.

Na hiyo mita moja ndiyo iliyokuwa kiini cha tatizo. Reli ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilitandikwa kwa upana huo mdogo ili kupunguza gharama. Inaanzia usawa wa bahari na kupanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kwa safari ya kilomita 530 hivi yenye kona nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mizigo ikawa inarundikana bandarini kuliko treni zilivyoweza kuipandisha bara. Ilitakiwa injini kubwa zaidi, na hapo ndipo mafundi walipobanwa. Katika injini ya kawaida boila hukaa juu ya magurudumu, kwa hiyo tanuri la moto hubanwa na magurudumu yenyewe. Ukiirefusha injini, kona zinaikataa. Ukiiongezea uzito juu ya magurudumu yaleyale, reli zinalemewa.

Ufumbuzi ulikuwa umeshapatikana zamani. Mwaka 1907 mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, aliomba hataza ya injini iliyogawanywa sehemu tatu. Mbele kuna seti ya magurudumu na silinda zake, nyuma kuna seti nyingine kama hiyo, na boila imening'inizwa katikati juu ya fremu iliyoegemea seti hizo mbili kwa egemeo linalozunguka. Injini za kwanza za aina hiyo zilipelekwa Tasmania mwaka 1909. Garratt alifariki mwaka 1913, na hakuwahi kuona wazo lake lilivyokuja kukua Afrika.

Ukitaka kuelewa uzuri wa ubunifu huo, tembea ubavuni mwa injini mojawapo kuanzia mbele. Unapita kwanza tangi la maji, na chini yake magurudumu manne makubwa upande wako, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu mita 1.4. Kisha magurudumu yanakoma. Juu yako imelala boila yenye kipenyo cha karibu mita 2.3, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyoibeba, na chini yake hakuna gurudumu hata moja. Kwa kuwa pale chini pako wazi, tanuri liliweza kupanuliwa na kushushwa lilivyohitajika. Endelea: chumba cha dereva, tangi la mafuta, na magurudumu manne mengine. Ukifika mwisho umetembea karibu mita 32. Chombo hicho kizima kina uzito wa tani 252, lakini uzito umesambazwa kwenye ekseli nyingi kiasi kwamba reli inaumudu. Kwenye kona, kila seti hufuata reli kivyake, na boila hukatiza upande wa ndani wa kona. Ndiyo maana kitu kikubwa namna hiyo kilitulia juu ya reli nyembamba.

Injini hizi ziliendeshwa kwa mafuta mazito, si kwa makaa wala kuni. Zilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, zikipanda miinuko ya mita moja na nusu kwa kila mita mia. Seti mbili za silinda hazikufungamanishwa, kwa hiyo mishindo ya mvuke ilipishana, ikalingana, kisha ikapishana tena.

Safari ilikuwa ndefu kuliko zamu moja ya kazi. Kwa hiyo treni ilibeba vikosi viwili vya wafanyakazi: kimoja kikiendesha, kingine kikilala katika behewa lake maalumu. Madereva, wakiwemo Singasinga wengi, walikabidhiwa injini zao na kuzing'arisha shaba na rangi ya damu ya mzee kana kwamba ni mali yao. Fahari hiyo naiheshimu sana, kwa sababu iliongeza pia umri wa mashine.

Cha ajabu ni kwamba kiwanda kilikufa kabla ya injini. Beyer, Peacock ilifunga milango mwaka 1966, huku injini zake zikiendelea kupandisha mizigo ya Mombasa mikononi mwa mafundi wa hapa. Kilichoziondoa ni dizeli, isiyohitaji kusimama kuchota maji njiani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shirika la reli lilivunjika nalo, na kufikia mwaka 1980 kundi la 59 lilikuwa limestaafishwa. Nyingi zilikatwa zikawa vyuma chakavu, hata ile iliyoitwa Kilimanjaro.

Zimesalia mbili tu, zote katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Majina yote mawili ni ya milima ya Tanzania, wa kwanza karibu na Ziwa Natron, wa pili katika Upare. Ukipita Nairobi, nenda ukazione, na umchukue mtoto. Mwinamishe chini ya boila aangalie mwenyewe jinsi ilivyobebwa.