Sauti Ikikwama, Usingoje Mavuno

Mafua hukausha sauti. Kuimba ngomani usiku kucha hukausha sauti pia. Lakini sauti hiyo hurudi baada ya siku chache. Ikipita majuma matatu bila kurudi, nenda hospitali. Huenda ni saratani ya nyuzi za sauti.

Nyuzi hizo ni mbili. Zimo ndani ya kongomeo. Pumzi huzitikisa, ndipo sauti hutoka. Uvimbe mdogo kwenye uzi mmoja huharibu sauti. Kwa hiyo ugonjwa huu hujitangaza mapema.

Mkulima mmoja wa tumbaku mkoani Tabora ni mwadhini wa msikiti. Pia alikuwa mvutaji wa sigara. Sauti yake ilikwama. Alikunywa asali na tangawizi miezi miwili. Mwishowe alikwenda hospitali. Daktari alimtazama koo, akakata kinyama kidogo kikapimwa. Ilikuwa saratani, lakini bado changa. Daktari alimwambia kuwa njia ni mbili.

Ya kwanza ni upasuaji. Mgonjwa hutiwa usingizi. Daktari hupitisha vyombo mdomoni, akaondoa sehemu yenye ugonjwa. Shingo haipasuliwi. Mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Saratani ikirudi, huweza kukatwa tena au kupigwa mionzi. Lakini nyama ikikatwa nyingi, sauti hubaki na mkwaruzo. Tena si kila hospitali ina vyombo hivyo.

Ya pili ni mionzi. Hapa hakuna kukatwa. Mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache, siku 5 kwa juma, kwa kawaida majuma 5 hadi 7. Koo huuma, kumeza huwa taabu, na ngozi ya shingo hubabuka. Baadaye hupoa. Sauti mara nyingi hurudi vizuri. Lakini kwa kawaida mahali hapo hapapigwi mionzi mara ya pili. Tena mashine ziko mbali. Zipo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Ipi huponya zaidi? Saratani ikiwa changa kabisa, zote mbili huponya karibu sawa. Hupona watu wapatao 9 katika kila 10. Basi mgonjwa huuliza: ipi inafaa mwili wangu, kazi yangu na nyumba yangu?

Mkulima wetu alitaka upasuaji. Msimu wa kuhamisha miche ulikuwa umekaribia. Lakini uvimbe ulikuwa umetanda uzi mzima. Daktari alimweleza kuwa kisu kingeondoa nyama nyingi. Mkewe akasema, "Baba, shamba watalima watoto. Sauti hatuna pa kuiazima."

Alikwenda Mwanza kwa mionzi. Miche ilihamishwa bila yeye. Leo anaadhini tena, kwa sauti nzito kidogo. Mwenye uvimbe mdogo pembeni mwa uzi angeweza kuchagua kisu, na asingekosea.

Sigara ameacha. Mvutaji asiyeacha hupunguza nguvu ya mionzi, na saratani nyingine huweza kuota. Mimi bwana shamba nimefundisha kulima tumbaku miaka mingi. Nasema wazi: moshi wake ndio chanzo kikubwa cha ugonjwa huu.

Anayechelewa huweza kutolewa kongomeo lote, akapumua kwa tundu la shingoni. Huyo hana tena njia mbili za kuchagua. Ndugu, sauti ikikwama, wahi.