Simu yake, mkataba wangu

Msomaji, umewahi kugombana na mpenzi wako kwa ajili ya simu? Sizungumzii zile za saa sita usiku ambazo mtu anatoka nje kwenda kuzipokea. Hizo zina ukurasa wake. Nazungumzia kifaa chenyewe, kile cha kushika mkononi. Mwenzenu mwaka 2007 nilikaribia kurudisha pete kwa sababu ya kifaa.

Tulikuwa Houston, Texas. Mimi nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Yeye alikuwa anasoma chuo, na wikiendi anaosha magari. Juu ya kabati la jikoni tulikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo hela ya tiketi mbili za kwenda Dar mwezi Desemba. Wazazi wake walikuwa hawajaniona, wangu hawajamwona. Wajomba walishaambiwa, shangazi walishaanza kugombania rangi ya vitenge. Kwa kifupi, uchumba wetu wote ulikuwa ndani ya lile kopo.

Halafu ikaja iPhone.

Steve Jobs aliionyesha Januari 2007 kule San Francisco, na kwa karibu miezi sita vijana hawakuwa na habari nyingine. Simu haina vitufe, unagusa kioo kwa kidole, picha unaivuta kwa vidole viwili inakua. Mwenzangu alikuwa anairudia ile video ya uzinduzi kama mtu anayerudia bao la fainali. Mimi nikawa nacheka. Nilidhani ni mapenzi ya dirishani, ya kuangalia na kupita.

Ijumaa ya tarehe 29 Juni mauzo yalianza saa kumi na mbili jioni. Yeye alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, na kiti cha kukunja na chupa ya maji, kwenye joto la Houston ambalo mtu wa Dar mwenyewe analiheshimu. Jioni ikaingia meseji kwenye simu yangu: "Mpenzi, nimeipata!" Nikajibu: "Umepata nini?"

Alikuwa amechukua ile ya gigabaiti 8, dola 599. Weka kodi ya mauzo ya pale, asilimia 8.25, unapata dola 648 na senti 42. Pesa taslimu, za kopo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kilichonikamata si hicho. Simu ile ukiinunua hukuwa unaondoka dukani ikiwa tayari. Unaipeleka nyumbani, unaichomeka kwenye kompyuta, unajisajili mwenyewe kupitia programu ya iTunes na kuchagua kifurushi. Kampuni ya simu ilikuwa moja tu kwa Marekani nzima, AT&T, na kabla ya kukukubali inaangalia historia yako ya mikopo. Mwanafunzi mgeni historia ataitoa wapi? Mimi nilikuwa nayo kidogo, ya kadi moja niliyokuwa nailipa kwa wakati. Nimevaa sare ya kazi, ufunguo wa gari mkononi, nachelewa zamu, akaniambia, "Mama, nipe namba zako tu, ni dakika mbili."

Nikampa.

Kwa sisi tuliokulia kwenye vocha, jambo hili linahitaji maelezo. Ukiwa na vocha, mtandao ukikuudhi unatupa laini, unanunua nyingine kwa mama muuza genge. Kule nilikuwa nimesaini miaka miwili. Kifurushi cha chini kilikuwa dola 59.99 kwa mwezi: dakika 450, meseji 200, na intaneti bila kikomo. Kuunganishwa, dola 36. Ukitaka kujitoa kabla ya muda, faini dola 175. Usiku ule ule, saa tisa, wazee wamelala, nilichukua karatasi nikapiga hesabu: simu, kuunganishwa, na miezi 24. Ikaja dola 2,074.76 kabla ya kodi. Nikapiga tena. Watu wote wale kwenye foleni walikuwa wameiona 599 peke yake. Na jina kwenye mkataba lilikuwa langu.

Nisiwe mchoyo, simu ilikuwa bomba. Nilipoishika mara ya kwanza nilisahau kununa kama dakika kumi. Lakini kadiri tulivyoizoea ndivyo tulivyoona ilichokosa. Ilikuwa inatumia mtandao wa EDGE, sio 3G, kwa hiyo mkiwa mbali na Wi-Fi unafungua ukurasa, unachemsha chai, unarudi bado. Meseji ya picha haitumi. Kunakili maneno na kuyabandika pengine, haijui. Kamera haina video. Tundu la spika za masikioni limezama ndani, spika nyingi haziingii. Rafiki yake mwenye Nokia N95 alikuwa anatutembelea makusudi kuja kutucheka.

Agosti zikaanza habari za bili. Kampuni ilikuwa inaorodhesha kila mara simu inapogusa intaneti, basi wateja wakawa wanaletewa vitabu. Justine Ezarik, mwanadada wa Pittsburgh, alipokea bili ya kurasa 300 ndani ya boksi, akajirekodi akiifungua, Marekani nzima ikacheka. Mwezi huo huo kijana wa miaka 17 wa New Jersey, George Hotz, akafanikiwa kuifungua simu ikubali laini za kampuni nyingine. Shemeji yangu akapiga kutoka Dar: "Shemu, ileteni, mafundi wa Kariakoo wapo!" Nikamwambia shemu, mkataba una jina langu, haiguswi. Tarehe 27 Septemba Apple ikatoa toleo jipya la programu, na baadhi ya simu zilizokuwa zimefunguliwa zikageuka tofali. Shemeji hakuuliza tena.

Ila nimeruka. Kabla ya hapo ilikuwa tarehe 5 Septemba.

Siku hiyo, siku 68 tangu ile foleni, Apple ilipunguza bei ya gigabaiti 8 kutoka 599 hadi 399. Waliokuwa wamenunua ndani ya siku 14 waliweza kudai tofauti yao. Sisi, pole. Wateja wa mwanzo walipiga kelele mpaka kesho yake Jobs akaandika barua ya wazi ya kuomba radhi na kuwapa fidia ya dola 100, si taslimu bali ya kununulia vitu vya Apple. Mwenzangu alinisomea barua ile kwa furaha kana kwamba ameandikiwa yeye. Nikamuuliza, "Shirika la ndege wanapokea hiyo mia?"

Hapo ndipo tulipogombana kweli. Yale ya Juni yalikuwa manung'uniko tu. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Na yeye akaniambia kitu kilichoniuma kuliko bei: kwamba kila kitu kwetu ni kuhesabu, kwamba ameosha magari ya watu miaka mitatu na hajawahi kuwa na kitu kizuri ambacho ni chake. Nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli. Na kilikuwa si chake, kilikuwa kwenye jina langu. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Oktoba tukamwaga kopo mezani. Tiketi ilitosha moja. Tukakubaliana aende yeye, maana posa bila muoaji ingekuwa kichekesho, mimi nibaki na zamu zangu. Simu aliiacha. Magazeti yalikuwa yameandika kuhusu watu waliosafiri nayo nje ya Marekani kiangazi kile, ikawa inajichukulia barua pepe yenyewe mfukoni, wakarudi kukuta bili za maelfu ya dola. Mwenzangu akapanda ndege na Nokia yake ya zamani, ile ya tochi.

Kwa hiyo Desemba nzima nililala na simu pembeni. Najua mnawaza nilipekua. Namba ya kuifungulia aliniachia mwenyewe, jamani. Nilichokuta hakikuwa mwanamke. Simu zetu za zamani zilikuwa zinaweka meseji moja moja, ukisoma hii ile umeshaisahau. iPhone ilikuwa inazipanga zote kama mazungumzo, zako huku za mwenzako kule, tangu ya kwanza. Nikakaa kitandani nikasoma miezi yetu mitano. Zangu ndefu, zenye tarakimu. Zake: "Sawa." "Sawa mpenzi." "Nimeelewa." "Sawa." Katikati ya Septemba kuna moja yake inauliza kama nimekula. Sikuwa nimeijibu. Chini yake yangu, ya siku mbili baadaye, inauliza bili imelipwa au la.

Sikufuta kitu. Nilimpigia Dar kwa kadi ya kukwangua, nikamuuliza kama amekula.

Ya posa nilisimuliwa. Wazee walipomaliza salamu, baba yangu akauliza, "Na binti yetu mbona hakuja?" Mshenga akaanza kuzunguka, oh kazi za huko, oh ruhusa. Mwenzangu akamkatiza, akasema ukweli: nauli yake nilinunulia simu. Kimya. Mjomba wangu mkubwa, ambaye hata kubipu alikuwa anafundishwa na wajukuu, akauliza simu yenyewe bei gani. Maskini angeweza kusema 399, bei ya siku ile. Akasema 599. Mjomba akageukia kaka zake, wakanong'ona, akarudi: "Basi mahari ni hiyo tuliyotaja, na 599 juu yake." Ndivyo simu ile ilivyolipiwa mara mbili.

Mkataba tuliutumikia mpaka mwisho, Juni 2009, na wakati huo tulishaoana. Mwezi huo huo iPhone 3GS ilikuwa imeingia madukani. Alikuja jikoni, akavuta kiti, akaniuliza kabla ya kwenda popote. Tukaangalia hesabu pamoja, nikasema tungoje mwaka. Tukangoja mwaka.

Ile ya kwanza bado ipo kwenye droo. Haipigi tena hata kule ilikonunuliwa, maana AT&T ilizima mtandao wake wa 2G kuanzia Januari 2017. Watoto wanaishangaa udogo wake. Julai 2023 mwenzangu alikuja mbio na habari kwamba iPhone ya kwanza, ya gigabaiti 4, ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi, imeuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 190,000.

"Unaona?" akaniambia. "Ungeniacha nisiifungue!"

"Na ile meseji ya kwamba umeipata, ungenitumia kwa nini?"

Akafikiria kidogo. "Kwa Nokia," akasema. "Ndiyo niliyokutumia."