Kati ya Kura na Fedha: Jinsi ya Kuchagua Jukwaa la DAO

Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 2022, mtu asiyejulikana alichota hazina ya mradi wa Beanstalk kwa kupiga kura. Hakuiba neno la siri la mtu wala hakuvunja ufunguo. Siku moja kabla alikuwa amewasilisha mapendekezo yake kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Kesho yake akakopa kama dola bilioni moja za sarafu za kidijitali, kwa aina ya mkopo unaochukuliwa na kurejeshwa ndani ya muamala mmoja, akajipatia zaidi ya theluthi mbili ya kura, akapitisha pendekezo lake mwenyewe, akahamisha fedha na kulipa deni. Mradi ulipoteza thamani ya takriban dola milioni 182.

Beanstalk iliendeshwa kwa mtindo wa DAO, yaani shirika lisilo na makao makuu wala mkurugenzi, ambalo hazina na kanuni zake zimo ndani ya programu zinazoendeshwa kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Programu hizo huitwa mikataba mahiri, na wanachama huamua mambo kwa kupiga kura kwa tokeni, yaani vipande vya kidijitali vinavyobeba haki ya kura. Leo yapo majukwaa mengi ya kuundia shirika la namna hii kwa mibofyo michache, na watu wengi huyachagua kwa kuangalia ukurasa wa kupigia kura ulivyo mzuri. Mimi nashauri muanze kwingine kabisa: kura ikishapita, ni nani au ni nini kinachozisogeza fedha?

Jibu la kwanza ni watu. Mashirika mengi hupiga kura kwenye Snapshot, jukwaa lililoanza mwaka 2020. Mwanachama anatia saini ya kidijitali kuthibitisha kura yake, na kwa kuwa kura haiandikwi kwenye blokcheni yenyewe, halipi ada yoyote. Fedha hukaa kwenye pochi ya pamoja, na inayotumika zaidi ni Safe, ambayo haitoi senti mpaka idadi fulani ya wenye funguo waidhinishe, kwa mfano watatu kati ya watano. Aliyewahi kuweka akiba kwenye kikoba anaujua mpango huu: sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti.

Mpango huu naupendekeza kwa kikundi kinachoanza, ilimradi wanachama waelewe wanachokubali. Kura ya Snapshot ya kawaida haimfungi mwenye ufunguo. Wenye funguo wakiamua kuipuuza, hakuna programu itakayowalazimisha. Kwa hiyo mnapolinganisha majukwaa, muda mwingi utumike kuchagua watu hao: wanaishi wapi, wanatumia vifaa gani, na wanaondolewaje mmoja wao akifariki au akigeuka.

Tena wajue kusoma wanachokitia saini. Februari 2025 soko la sarafu la Bybit liliibiwa karibu dola bilioni 1.5 kutoka kwenye pochi ya Safe, ingawa mkataba wa Safe haukuwa na kasoro. Wezi walikuwa wamepenya kwenye kompyuta ya mmoja wa watengenezaji wa Safe na kubadilisha kiolesura, hivyo wenye funguo waliona muamala wa kawaida kwenye skrini huku wakiidhinisha mwingine. Kiolesura na mkataba ni vitu viwili, na jukwaa linalofaa ni lile linalowawezesha kukagua muamala kwa njia nyingine kabla ya kuidhinisha.

Jibu la pili ni programu. Mfumo wa Governor ulianzia kwenye mradi wa Compound mwaka 2020, kisha kampuni ya OpenZeppelin ikatengeneza toleo ambalo kila mtu anaweza kulitumia. Hapa kura inaandikwa kwenye blokcheni, na pendekezo likipita linatekelezwa bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa kawaida huwekwa kipindi cha kusubiri kati ya ushindi na utekelezaji, siku mbili kwa mfano, ili anayepinga apate nafasi ya kuchukua hatua. Governor huhesabu nguvu ya kura kwa salio la tokeni la wakati uliokwisha kupita. Anayekopa mabilioni leo anakuta hesabu imeshafungwa. Beanstalk ilikosa kinga zote mbili: ilihesabu salio la papo hapo, na ilikuwa na njia ya dharura iliyoruhusu pendekezo litekelezwe palepale theluthi mbili zikipatikana. Jukwaa lolote mtakaloonyeshwa, ulizeni kura zinahesabiwa kwa salio la lini. Msipopata jibu lililonyooka, liacheni.

Hata hivyo kipindi cha kusubiri hakiwasaidii wasiosoma. Mei 2023 wanachama wa DAO ya mradi wa Tornado Cash walipitisha pendekezo lililodai kufanana na lingine lililokwisha kupitishwa. Ndani yake mlikuwa na msimbo uliomwezesha mwandishi wake kujipa kura za uongo milioni 1.2, zaidi ya kura zote halali zilizokuwapo, na akawa ndiye mtawala wa shirika. Muda wa kukagua ulikuwapo, lakini msimbo ulipita bila kugunduliwa. Kama hamna mtu wa kusoma kila pendekezo, au fedha za kumlipa mkaguzi, basi kuikabidhi programu hazina yote ni mapema mno.

Jibu la tatu ndilo linalonivutia zaidi, nalo ni haki ya kuondoka. Mikataba ya Moloch ilitoka mwaka 2019, na jukwaa la DAOhaus limejengwa juu yake. Mwanachama asiyekubaliana na uamuzi uliopita anapewa siku kadhaa za kuchoma hisa zake na kuondoka na fungu lake la hazina kabla uamuzi haujatekelezwa. Walio wengi hawawezi kula fedha za walio wachache, kwani wachache watakuwa wameshaondoka nazo. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Moloch. The DAO, shirika lililokusanya kama dola milioni 150 mwaka 2016, nalo liliwaruhusu wanachama kujitenga, na ni kwenye sehemu hiyohiyo ya programu ambapo mwizi alipata kasoro na kuhamisha etha milioni 3.6, sarafu ya blokcheni ya Ethereum. Ethereum ikabadilisha kanuni za mnyororo wake ili kuzirejesha, na waliokataa wakabaki na mnyororo wa Ethereum Classic. Moloch iliandikwa kwa ufupi wa makusudi ili mkaguzi aweze kuimaliza yote. Kwa kikundi cha watu wachache wanaochangia fedha zao wenyewe, mimi ningeanzia hapa.

Mengine ni mepesi zaidi. Ada za Ethereum zinaweza kummeza mchangiaji mdogo: DAO iliyoitwa ConstitutionDAO ilipokosa kununua nakala ya Katiba ya Marekani mwezi Novemba 2021, wapo waliokuta ada ya kurejeshewa mchango inakaribia mchango wenyewe. Michango ikiwa midogo, tumieni minyororo ya gharama nafuu iliyojengwa juu ya Ethereum, kama Arbitrum au Optimism. Chagueni programu huria, maana kampuni huja na kuondoka. Novemba 2023 asasi iliyokuwa nyuma ya Aragon, mojawapo ya majukwaa ya mwanzo kabisa, ilitangaza kujivunja, lakini mikataba iliyokwisha kuwekwa kwenye blokcheni haikuhitaji ruhusa yake ili iendelee kufanya kazi. Na msidhani programu inachukua nafasi ya sheria. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho ya Marekani huko California iliiamuru Ooki DAO kulipa faini ya dola 643,542, baada ya kuichukulia kama umoja wa watu usiosajiliwa, na katika umoja wa namna hiyo mpiga kura anaweza kudaiwa yeye binafsi. Kwa upande mwingine, jimbo la Wyoming nchini humo limekubali kusajili DAO kama kampuni tangu 2021.

Kabla ya kuweka fedha halisi, jengeni shirika lote kwenye Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum ambao sarafu zake hazina thamani. Mtoeni mmoja wa wenye funguo bila ridhaa yake. Pitisheni pendekezo la wizi kwa makusudi, kisha mjaribu kulizuia kabla halijatekelezwa, mkitumia wanachama walewale watakaokuwapo siku ya kweli.